Filister na Jibu la Swali la Kumi na Mbili

Kila siku ya soko Filister aliamka kabla ya jogoo wa mama yake mkubwa, na jogoo huyo hakuwa mvivu. Alikwenda mtoni akarudi na debe la maji, akafagia mbele ya nyumba, akanywa uji, kisha akafuatana na mama yake, Roseline, hadi sokoni Oyugis. Huko mama alitandika gunia na kumwaga maharagwe, naye Filister akawapimia wanunuzi wa kwanza kabla ya kukimbilia shule.

Kupima alikujua tangu akiwa na miaka sita. Unajaza kopo mpaka lifanye kichuguu, unamwaga katika kikapu cha mnunuzi, halafu unachota ukufi mmoja zaidi na kumwongezea. Hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyetoa nyongeza katika soko lile alikaa na maharagwe yake mpaka jioni, na wenzake wakamcheka waziwazi.

Mwaka huo, 1967, Filister alikuwa na miaka kumi na mitatu na ndiyo kwanza ameingia darasa la saba, katika shule iliyokuwa kilimani juu ya mji. Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Mwalimu wao wa hesabu, Mwalimu Monari, alikuwa mgeni. Alitoka upande wa Kisii na hakujua Kijaluo hata cha kuombea maji, kwa hiyo katika kipindi chake kila mtu alizungumza Kiswahili, apende asipende.

Siku ya kwanza aliyoingia darasani, mwezi wa Januari, Mwalimu Monari aliandika ubaoni: x + 5 = 12.

"Leo tunaanza aljebra," alisema.

Cephas, aliyekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo herufi imepotea njia. Kusoma ni kipindi cha pili."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Monari hakucheka. Alikuwa amejitayarisha. Alifunga kamba kwenye boriti, akaning'iniza kijiti, na kila upande wa kijiti akafunga kopo. Katika kopo la kushoto alitia kifuko cha kitambaa chenye maharagwe ambayo hakuna aliyejua idadi yake, pamoja na maharagwe matano. Katika kopo la kulia alitia maharagwe kumi na mawili na kifuko kitupu, ili kitambaa kisilete ubishi. Kijiti kikatulia, hakikuelemea huku wala kule.

"Kifuko hiki ndicho x. Tunataka kujua ndani mna maharagwe mangapi bila kukifungua. Filister, toa matano kushoto, na utoe matano kulia."

Filister alitoa matano kushoto. Kulia akatoa manne, akarudi kukaa. Kijiti kikainama.

"Umebakisha moja," alisema mwalimu.

"Hiyo ni nyongeza, Mwalimu."

"Nyongeza ya nani?"

"Ya mnunuzi. Ukipima sawasawa kabisa namna hiyo, watu watasema sisi ni wachoyo."

Lo! Darasa zima lilicheka, hata Rispa, rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja. Lakini Filister hakuwa akifanya mzaha.

"Hapa hakuna mnunuzi," alisema Mwalimu Monari.

"Basi nani anachukua haya maharagwe?"

Mwalimu aligonga ubao kwa chaki. "Fanya kama nilivyosema. Ndiyo kanuni."

"Kanuni hiyo kwa nini iko hivyo, Mwalimu?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo! Simama hapo pembeni mpaka kengele ilie."

Filister alisimama pembeni mpaka kengele ikalia. Mtoto huyo alikuwa mkaidi, wala sitamtetea kwa hilo. Hakuwa na adabu mbaya, hakurusha maneno, hakununa. Ila kitu asichokielewa alikataa kusema amekielewa, hata umwahidi sukari guru.

Muhula wa kwanza ukaenda hivyo. Wenzake walikariri: hamisha namba, geuza alama, maliza. Filister aliuliza kwa nini alama igeuke. Mwalimu alimjibu mara ya kwanza, mara ya pili akamjibu kwa sauti kubwa, mara ya tatu akamwambia anawachelewesha wenzake. Nyumbani alijaribu mwenyewe, akapunguza huku na kuongeza kule, namba zikamchanganya kichwa. Daftari lake lilijaa wino mwekundu. Tatu kati ya ishirini. Nne. Mara kadhaa sifuri, na siku ya sifuri ya kwanza alilia njia nzima.

Wenzake hawakulia. Kila asubuhi kabla ya kengele, nyuma ya jiko la shule, palikuwa na mkutano. Maurice, kiranja wa darasa, alifungua daftari lake juu ya kuni, na wote wakainama kunakili. Maurice alipata ishirini kati ya ishirini bila kukosa, naye hakuwa mchoyo wa majibu.

"Njoo, Filister," alimwita. "Unajitesa bure."

"Swali la nne umelipataje?" Filister aliuliza.

"Ya nini kujua? Ni sahihi."

"Nionyeshe njia, ndipo nitaandika."

Maurice akacheka. "Njia haiwekewi alama. Haya, kaa na mayai yako." Yai lilikuwa jina lao la sifuri.

"Nitakaa nayo," alijibu Filister. "Angalau nimeyataga mwenyewe."

Wakacheka, naye akaenda zake kichwa juu. Lakini nawaambieni ukweli, moyoni aliumia. Hakuna mtoto anayependa kuwa wa mwisho darasani huku akijua kwamba wa kwanza hajui zaidi yake.

Mwezi wa Juni mambo yakawa mazito. Mwalimu Mkuu, Bwana Simeon, aliingia darasani na tai yake shingoni ijapokuwa joto lilikuwa kali. Mwaka uliotangulia shule ilipata wanafunzi wanne tu wa kuendelea na sekondari, na aibu hiyo ilimkaa rohoni.

"Kabla ya kufunga muhula huu wa pili nitatoa jaribio la aljebra," alisema. "Maswali ishirini. Asiyefika kumi, jina lake halitapelekwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Sitaki mtu wa kuniangusha tena."

Jioni ile Filister alimweleza baba yake, Mzee Javan. Baba alimsikiliza huku akinoa jembe. "Kurudia darasa hakuna," alisema. "Wadogo zako wanasubiri nafasi. Ukikatwa jina, utakwenda kisiwani Rusinga kwa shangazi yako, umsaidie kuanika dagaa wa omena."

"Sitakatwa, Baba."

"Mwalimu wako ameniambia unapata tatu."

"Nilipata tatu. Sitakatwa." Akaondoka haraka kwa sababu machozi yalikuwa yamefika, na hakutaka baba ayaone.

Julai mtama ulivunwa. Baba yake Filister alikuwa na wake wawili, Mama Monicah aliyekuwa mkubwa, na Roseline. Shamba la chini ya kijito walililima pamoja, na mavuno yake aliyagawa bibi yao, ambaye wote walimwita Dani, kama Wajaluo wanavyomwita bibi. Dani alikuwa amegawa mavuno ya nyumba hizo mbili miaka kumi na mitano, na hakuna siku ambayo kelele zilizuka.

Siku ya kugawa, Filister alikaa karibu kumpokeza bakuli. Chungu kimoja cha Mama Monicah na vikapu viwili huku, vikapu vitatu vya Roseline kule, mpaka Dani akaridhika kwamba pande mbili ni sawa. Kisha akaingiza mkono katika fungu la Mama Monicah, akanusa, akakunja uso. Mtama wa juu ulikuwa umepata unyevu. Akatoa mabakuli mawili akawamwagia kuku. Palepale, bila kuambiwa na mtu, akageuka upande wa Roseline na kutoa mabakuli mawili ya mtama mzuri, mkavu, akayarudisha ghalani.

"Dani!" alisema Filister. "Huo wa mama ulikuwa mzima. Mbona umeutoa?"

"Nikipunguza huku nisipunguze kule, nani atalala kwa amani hapa?"

"Kwa nini basi usimwongezee Mama Monicah kidogo, kama nyongeza?"

Dani akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji hulowesha. "Nyongeza ni ya sokoni, nyathina, mwanangu. Ni ya mgeni, ili kesho arudi kwako. Nyumba na nyumba hazipeani nyongeza. Hizi nilikwisha kuzilinganisha. Ninachofanya huku, nafanya na kule, basi."

Filister aliacha bakuli likaanguka. "Hakuna mnunuzi!" alipiga kelele. "Dani, hakuna mnunuzi! Ni nyumba mbili!"

"Mtoto huyu ana homa," alisema Dani.

Filister alikuwa amekwisha kukimbilia daftari. Alichora nyumba mbili, katikati akatia alama ya kulingana. Hamisha namba, geuza alama. Kumbe namba haikuhama! Ilitolewa huku, ikatolewa na kule. Ndiyo sababu yenyewe, ile aliyoiuliza tangu Januari. Alifanya swali la kwanza polepole. Alipopata jibu alilirudisha mahali pa x, akapiga hesabu ya kila nyumba, aone kama zinalingana. Zikalingana. Alifanya la pili, la tatu, mpaka Mama Roseline akamwita mara nne kuja kula.

Zilibaki wiki mbili. Alifanya kazi kufa na kupona, alfajiri kabla ya maji na jioni baada ya kuni. Hesabu za sehemu bado zilimshinda, na alikuwa mwepesi wa kuelewa lakini mzito wa mkono, maana kila jibu alilihakiki.

Jaribio likaja. Bwana Simeon mwenyewe alinakili maswali ubaoni kutoka kitabu cha mazoezi yao ya hesabu, kitabu pekee cha shule kilichokuwa na majibu nyuma, ambacho alikifungia ofisini. Kengele ilipolia Filister alikuwa amemaliza maswali kumi na mawili tu. Wengine walikuwa wameweka kalamu chini zamani.

Siku ya pili Bwana Simeon aliingia na karatasi. Mwalimu Monari alikaa nyuma ya darasa. "Wengi mmenifurahisha," alisema Mwalimu Mkuu. "Thelathini na watano wamepita. Watatu majina yao hayatapelekwa." Akasoma. La tatu lilikuwa la Filister. "Tisa."

Tisa! Imepungua moja tu! Aliipokea karatasi yake na kuipitia. Mbili za sehemu amekosa, hilo alilijua. Lakini swali la kumi na mbili pia lilikuwa na mkasi mwekundu wa kukosa. Alilisoma tena. 3x + 4 = x + 26. Alifanya tena kwa kidole juu ya dawati. Akasimama.

"Mwalimu Mkuu, swali la kumi na mbili nimelipata."

"Umekosa. Jibu ni kumi na tano."

"Ni kumi na moja."

Rispa alimvuta sketi akae. Hakukaa.

Bwana Simeon aliinua kitabu. "Kitabu kinasema kumi na tano. Kimetoka ng'ambo, kimeandikwa na watu wa vyuo vikuu. Wewe umetoka wapi?"

"Nimetoka sokoni, Bwana Mkuu. Lakini ni kumi na moja."

"Njoo hapa mbele! Andika hicho unachojivunia."

Filister alikwenda, akaandika. Akatoa nne kushoto, akatoa nne kulia. Akatoa x moja kushoto, akatoa x moja kulia. Zikabaki x mbili sawa na ishirini na mbili. Akaandika: x = 11.

Bwana Simeon alimpa kifutio. "Futa."

"Nimekosa wapi, Bwana Mkuu?"

"Nimesema futa!"

"Sifuti." Akakiweka kifutio mezani. "Nionyeshe mahali nilipokosa, nitafuta ubao mzima. Nisipoonyeshwa, sifuti."

Nyuma ya darasa kiti kilikwaruza sakafu. Mwalimu Monari alikuwa amesimama, uso umemshuka. "Mwalimu Mkuu, tafadhali mruhusu ahakiki. Dakika moja tu."

Filister hakungoja. Alitia kumi na tano ya kitabu mahali pa x. Upande wa kushoto ukawa arobaini na tisa. Wa kulia, arobaini na moja. Kisha akatia kumi na moja yake. Kushoto thelathini na saba. Kulia thelathini na saba.

Bwana Simeon aliutazama ubao. Akachukua penseli, akapiga hesabu mwenyewe pembeni mwa kitabu, mara ya kwanza, mara ya pili. Jasho lilimtoka chini ya tai.

"Aliyeandika majibu aliongeza nne mahali pa kuitoa," alisema Mwalimu Monari kwa upole. "Hata watu wa ng'ambo hukosea."

"Hilo nimeliona," alisema Bwana Simeon. Polepole akaligeukia darasa. "Lakini kuna jambo jingine. Kitabu kimekosea. Ninyi thelathini na watano, mbona nyote mna kumi na tano? Maurice, njoo utuonyeshe uliipataje."

Maurice alikuja mbele. Aliandika swali, kisha chaki ikasimama. Alijaribu upande wa kulia, akajaribu wa kushoto. Chaki ikakatika.

"Sijui, Mwalimu," alisema hatimaye. "Nilinakili majibu yote ya nyuma ya kitabu muhula wa kwanza, nilipokuwa naleta madaftari ofisini. Nikawapa wenzangu, tukayakariri."

"Na mimi nilijua," alisema Mwalimu Monari. Watoto wote waligeuka. "Niliona madaftari yote yanafanana, majibu bila njia. Nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mgeni hapa na matokeo yalikupendeza. Mtoto aliyekataa kunakili nikamsimamisha pembeni. Naona haya."

Bwana Simeon alikaa kitini pa mwalimu. Kisha alitoa kalamu yake ya wino, akafungua kurasa za nyuma za kitabu, akapiga mstari juu ya kumi na tano na kuandika kumi na moja. Akavuta daftari la majina ya watahiniwa. Lilikuwa tupu bado.

"Jina lako kamili?" alimwuliza Filister.

"Filister Atieno Javan."

Akaliandika mstari wa kwanza. Karatasi zingine zote akazirarua mbele yao. "Hawa wengine tutaanza upya Septemba. Maswali yatatoka kwa Mwalimu Monari, si kitabuni. Maurice, beji ya ukiranja uiweke mezani."

Muhula wa tatu darasa lile liligeuka jingine kabisa. Mkutano wa nyuma ya jiko uliendelea, ila sasa Filister ndiye aliyeshika kijiti na kuchora mchangani nyumba mbili. Siku ya kwanza Maurice alisimama mbali, amekunja mikono, anaona aibu.

"Unangoja barua?" Filister alimwuliza. "Njoo. Ila ujue, kwangu hakuna kunakili."

"Nionyeshe hiyo ya Dani wako," alisema Maurice kwa sauti ndogo, akachuchumaa.

Mwalimu Monari naye hakusema tena "ndivyo ilivyo". Mtu akiuliza kwa nini, alijibu, na alipokuwa hajui alisema hajui, kesho atakuja na jibu. Kelele zilikuwa nyingi! Cephas alibishana na kila mtu, mara nyingi akiwa amekosa, lakini alibishana kwa kuonyesha. Septemba walirudia jaribio, walioanguka wakarudia tena, na majina yalipopelekwa yalikuwa thelathini na sita. Wawili tu walichagua wenyewe kurudia darasa. Novemba wakafanya mtihani.

Matokeo yalipofika, Bwana Simeon aliwaita wazazi shuleni. Mzee Javan alikuja, na wake zake wote wawili, na Dani katikati yao. Kutoka wanne wa mwaka uliotangulia, safari hii walikuwa kumi na tisa waliopata nafasi ya sekondari. Maurice alikuwamo, Rispa alikuwamo. Filister alikuwa ameitwa shule ya wasichana ya bweni, na katika hesabu hakuna aliyempita.

Mzee Javan alivua kofia na kuipangusa vumbi ambalo halikuwamo.

Bwana Simeon alisimama mbele yao. "Nataka kusema jambo ambalo si rahisi kwangu," alianza. "Mwaka huu, katika shule hii, nusura nimkate jina mtoto kwa kosa la kuwa sahihi. Nilikuwa naogopa kushindwa, kwa hiyo nikapenda majibu kuliko kazi. Wanafunzi wakaniona, wakafanya vilevile. Mmoja tu alikataa, naye alipata yai baada ya yai mpaka akaelewa. Wanangu, jibu usiloweza kuonyesha umelipataje, usiliandike, hata kama ni sahihi."

Akamtafuta Filister kwa macho katikati ya watu.

"Na lile unaloweza kulionyesha," alisema, "usilifute. Hata nikikuamuru mimi."